HADIYA YA MFANYI BIASHARA: NI WEMA AU NI MTEGO?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyehalalisha biashara na akaharamisha riba. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ambaye kabla ya kupewa utume alikuwa mfanyi biashara, na watu wa Makka wakimwita Mwaminifu. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, si siku nyingi zilizopita tuliitwa Nairobi na vijana wetu wa darsa ambao riziki imewatoa pwani ikawapeleka bara. Baadhi yao wamepanga katika mtaa uitwao Pipeline, upande wa Embakasi. Jina hilo limetokana na bomba la mafuta litokalo kwetu Mombasa, lililoanza kazi mwaka 1978. Ni mtaa wa majumba marefu, ghorofa saba, nane na kuzidi, yaliyobanana hata vyumba vya chini havioni jua. Chumba kimoja ndicho sebule, ndicho jiko, na ndicho malalo. Chini ya kila jumba pana maduka yenye nyavu za chuma, na mbele ya maduka pana meza za wachuuzi. Kila mtu anauza, na kila mtu ananunua kidogo kidogo kwa kadiri ya shilingi aliyoipata siku ile.

Lakini tuliona huko duka jengine lisilo mlango wala rafu. Ni duka la simuni. Binti mmoja wa kwetu, mwenye adabu na bidii, amepanga chumba ghorofa ya tano, na humo humo ndimo ghala yake. Huletewa mabuibui, madera, leso na marashi kutoka Mombasa kwa basi, huyapiga picha, huyatangaza katika mtandao, mteja hulipa kwa M-Pesa, na kijana wa bodaboda hupeleka kifurushi. Kazi ya halali, nayo imemsitiri na kuomba. Basi usiku mmoja baada ya darsa alikuja pamoja na nduguye, akatuuliza swali ambalo kwa kweli lilitunyima usingizi. Twaliandika hapa kwa sababu twajua kuwa hata katika miji yetu ya pwani maduka ya namna hii yamekuwa mengi, na wauzaji wake wengi ni mama zetu na dada zetu.

Alisema: "Sheikh, wauzao kama mimi ni wengi, na bidhaa zetu ni zile zile. Nilifunzwa katika masomo ya biashara ya simuni kwamba mteja akitiliwa zawadi asiyoitaraji, moyo wake hufungika, hawezi kwenda kwengine. Nikafanya hivyo. Kila kifurushi natia chupa ndogo ya marashi, na kikaratasi cha kumshukuru kwa jina lake. Na ni kweli, wamerudi. Lakini mama mmoja nilimpelekea buibui la shilingi 2,500, kumbe limefungwa kwa makosa, kimo si chake, na ushono wa begani umeachia. Hakunambia neno. Mwezi uliofuata akanunua leso kwangu. Nilikuja kujua kwa jirani yake kwamba lile buibui hakulivaa hata siku moja, akasema: 'Nitamlalamikia vipi, na mtoto wa watu amenipa marashi?' Tangu siku ile najiuliza, je, mama yule nimempenda, au nimemfunga kinywa?"

Ndugu zetu, swali hili ni kubwa kuliko chupa ya marashi. Nasi twataka tulipime kwa mizani ya sharia, pasina kuharamisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu, wala kupamba kisichopambika.

Kwanza yafaa tujue kwamba jambo alilofunzwa binti huyu ni la kweli. Mwenyezi Mungu amemuumba mwanaadamu na tabia ya kulipa wema. Wazee wetu wa pwani waliijua tabia hii kabla ya vitabu vya biashara. Nani kati yetu hajui kwamba sahani ya futari ikija kutoka kwa jirani hairudi tupu? Atatiwa walau tende mbili au kipande cha mkate wa sinia, kwani kuirudisha tupu ni aibu. Na wataalamu wa Ulaya na Marekani nao wameichungua. Mwaka 1971 mtaalamu wa Marekani aitwaye Dennis Regan alifanya jaribio. Mtu alitoka chumbani akarudi na chupa ya Coca-Cola, akampa mwenzake ambaye hakuiomba. Baadaye akamuomba amnunulie tikiti za bahati nasibu. Bahati nasibu ni kamari, nasi twaitaja kwa kueleza tu. Waliopewa ile chupa walinunua tikiti takriban mara mbili ya wale ambao hawakupewa kitu. La ajabu zaidi ni kwamba hata ambaye hakumpenda yule mtoaji, alinunua. Tena thamani ya tikiti walizonunua ilipita thamani ya chupa. Mwaka 1984 mtaalamu mwengine, Robert Cialdini, alilitia jambo hili katika kitabu chake juu ya njia za kuwavuta watu, na tangu hapo wafanyi biashara wengi wamelishika.

Tazameni maneno yale: hata ambaye hakumpenda, alinunua. Hapo ndipo penye siri na hatari yake. Zawadi inaweza kuleta mapenzi, na inaweza kuleta deni lisilokuwa na mapenzi ndani yake. Kwa nje vitu viwili hivi havitafautiki, kwani mteja amerudi na shilingi imeingia. Lakini mbele ya Mwenyezi Mungu viko mbali kama mashariki na magharibi.

Ama kutoa zawadi, dini yetu imekusifu. Mtume s.a.w. ametufunza tupeane hadiya ili tupendane, na Bibi Aisha r.a. amepokea kwamba alikuwa akiikubali hadiya na akiilipa. Ametuamrisha pia kwamba atufanyiaye wema tumlipe, na tusipokuwa na cha kumlipa basi tumuombee dua. Kwa hivyo asije mtu akasema kuwa mfanyi biashara kumpa mteja wake nyongeza ni bidaa au ni hila. La, hasha.

Bali tazameni namna Mtume s.a.w. mwenyewe alivyofanya. Walikuwa safarini, akamnunua ngamia wa Jabir bin Abdillahi r.a. kwa bei waliyokubaliana. Walipofika Madina, akamlipa thamani yake kamili, kisha akamrudishia na ngamia wake awe wake. Khabari hii imo katika Bukhari na Muslim. Zingatieni mpango wake. Bei ilikatwa kwanza, ikalipwa ikesha, na haki ya kila mmoja ikajulikana. Ndipo zawadi ikaja, na Jabir hakutakiwa chochote baada yake. Siku nyengine aliponunua nguo, alimwambia mpimaji wa fedha apime na azidishe. Hapo aliyezidisha ni mnunuzi, wala si muuzaji. Basi ihsani katika biashara ni ya pande zote mbili, wala hapana pahala palipoandikwa kuwa muuzaji peke yake ndiye wa kutoa.

Sasa tuje kwenye zawadi ambayo mtoaji wake ametupa jicho kwenye marejeo. Mwenyezi Mungu katika Suratur Rum, aya ya 39, ametaja kitolewacho ili kikue katika mali za watu, akabainisha kuwa kwake hakikui. Kinachokua ni zaka itolewayo kwa kutaka radhi zake. Baadhi ya wafasiri wa kale, akiwemo Ibn Abbas r.a., wameieleza aya hii kuwa inamkusudia mtu atoaye zawadi kwa kutaraji kurejeshewe iliyo kubwa zaidi. Wakasema kufanya hivyo hakukukatazwa kwa watu wote, lakini hakuna thawabu. Ama Mtume wetu mwenyewe, yeye alikatazwa hata hilo, katika Suratul Muddaththir. Basi hukumu iko wazi. Muuzaji akisema hadharani, "Anunuaye madera mawili nitampa leso," hiyo ni biashara, ni halali, na asijidanganye akaiita sadaka. Ameuza vitu vitatu kwa bei moja. Si dhambi, wala si thawabu.

Lakini iko daraja ya tatu, nayo ndiyo iliyomnyima usingizi binti yetu. Ni zawadi ambayo humfunga mtu asidai haki yake. Imamu Ghazali katika Ihyaa ameeleza kwamba mali atoayo mtu kwa haya tu, moyo wake ukikataa, haina tafauti na mali iliyotwaliwa kwake kwa nguvu. Na maulamaa waliokuja baadaye wakasema juu ya upanga wa haya. Upanga wa chuma humtisha mtu kwa mwili wake, na upanga wa haya humtisha kwa murua wake. Na Mtume s.a.w. ametufunza kuwa mali ya Muislamu si halali illa kwa ridhaa ya nafsi yake. Mama yule wa Pipeline alilipa shilingi 2,500 kwa nguo asiyoweza kuivaa. Alikuwa na haki ya kuirudisha. Kilichomzuia si ridhaa, ni chupa ya marashi ya shilingi 150. Je, marashi yale yalikuwa zawadi, au yalikuwa upanga?

Nasi, ndugu zetu, nafsi zetu hatuzitakasi. Hatukuweza kumjibu binti huyu kabla ya kukumbuka letu. Miaka kadhaa iliyopita tajiri mmoja alitutumia msala mzuri na chupa ya mafuta ya udi. Tukapokea, tukashukuru. Haukupita mwezi, katika darsa ya alasiri, ulimi wetu ukatoa mfano wa mfanyi biashara mwema, na mfano wenyewe ukawa ni yeye. Wallahi siku ile hatukuhisi kuwa twalipa kitu. Tulidhani twasema haki. Mzee mmoja wa darsa akaenda akanunua kwake cherehani kwa ajili ya bintiye. Wiki ya pili ikafa, na mwenye duka akakataa kuipokea. Mzee hakutwambia kwa kuona haya, kwani sisi ndio tuliomsifu mtu yule. Tulipojua, tulimrudishia mzee fedha zake kidogo kidogo kwa miezi minne. Tukamkumbuka yule mtu ambaye Mtume s.a.w. alimtuma kukusanya zaka, akarudi akisema, hizi zenu na hizi nimezawadiwa mimi. Mtume s.a.w. akauliza mbele za watu, je, lau angekaa nyumbani kwa babake na mamake, zawadi hizo zingemfikia? Nasi tukajiuliza, lau tusingekuwa na darsa, msala ule ungetufikia? Twayaandika haya ili msomaji ajue kuwa kamba hii humfunga msomi kama imfungavyo mama wa ghorofani, tena humfunga bila ya yeye kujua.

Basi muuzaji afanye nini? Je, aache kutoa? Tulimwambia binti yetu asiache, lakini azichunge zawadi zake kwa mambo haya.

Kwanza, zawadi isiwe imefichwa ndani ya bei. Akipandisha buibui kwa shilingi 200 kisha akatia marashi ya shilingi 150 akaandika "bure", huo ni uwongo, hata kama mteja amefurahi.

Pili, zawadi isimtangulie mtu kwa kumtega. Wako wanaompelekea mtu kitu asichokiomba, kisha humfuata kwa simu asubuhi na jioni mpaka anunue ili apumue. Na nambari ya simu ya mteja ni amana. Amekupa ili umpelekee mzigo wake, hakukupa ili umgawie mwengine. Hata sheria ya nchi ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda khabari za watu imelikataza hilo, na dini yetu imetangulia katika kuchunga amana.

Tatu, na hili ndilo la nguvu, kila zawadi ifuatane na mlango ulio wazi wa kurudisha. Mtume s.a.w. ameahidi kwamba amkubaliaye Muislamu kuvunja mauzo aliyoyajutia, Mwenyezi Mungu atamsamehe kuteleza kwake. Kikaratasi cha shukrani kiandikwe pia: "Kikiwa na kasoro, nirudishie, marashi ni yako kwa hali yoyote." Maneno hayo machache huutia upanga alani. Mteja wa simuni hulipa kabla ya kugusa nguo wala kuipima, basi yeye ana haja zaidi ya mlango huo kuliko aingiaye dukani.

Nne, zawadi isinunue sifa. Siku hizi muuzaji humwambia mteja, "Niandikie maneno mazuri nitakupa punguzo." Wengine huwapa nduguze waandike kuwa wamenunua na wameridhika, nao hawajanunua kitu. Mtume s.a.w. amekataza mtu kupandisha bei ya kitu asichokitaka ili kumghuri mwengine, na sifa za uwongo ni jirani wa jambo hilo, nyumba kwa nyumba.

Tano, watu wasitafute mvuto wa wateja kwa hirizi za kutundikwa juu ya mlango, wala makombe ya kunyunyizwa kwenye bidhaa. Tuliambiwa kuwa wako hata wauzao simuni ambao huenda kwa waganga. Subhanallah! Mtu amebeba simu yenye elimu ya dunia nzima, na riziki yake ameitundika kwenye kitambaa cheusi. Mvuto wa biashara ameueleza Mtume s.a.w. katika hadithi ya Hakim bin Hizam: muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha aibu ya kitu, hubarikiwa katika mauzo yao, wakificha na wakasema uwongo, baraka yake hufutwa.

Na tukamwambia kwamba zawadi iliyo bora hainunuliwi. Mfunze mteja kujipima kimo chake kabla hajalipa. Mwambie rangi hii huchujuka, usiinunue kwa kuvaa kila siku. Akitaka kitu usichonacho, muelekeze kwa mwenziwe. Akifiwa, mpelekee salamu za rambirambi bila ya kumtajia bidhaa. Mambo haya huujenga ule ule moyo wa kulipa wema walioueleza wataalamu, lakini huujenga juu ya ukweli, na mteja hurudi kwa miguu yake bila ya kuvutwa. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na nyinyi wanunuzi, msidhani kuwa mazungumzo haya yawasamehe. Ukipewa zawadi, shukuru na uombee dua, lakini haki yako idai kwa upole. Kunyamaza kwako kumemdhulumu muuzaji pia, maana umemficha kosa ambalo angelirekibisha, na mwengine atakayenunua baada yako ataingia shimo lile lile. Wala usiifanye zawadi kuwa haki ya kudaiwa, ukanuna usipoipata. Na wako wanaochukua kwa deni kwa binti kama huyu kwa kusema "sisi ni ndugu," kisha simu zake hawazipokei. Huo nao ni upanga wa haya, na safari hii mshikaji ni mnunuzi.

Mwisho tulimpa binti yetu kipimo kimoja cha kupimia kila zawadi, nacho twakitoa kwa kila msomaji. Kabla hujakifunga kifurushi, iulize nafsi yako: mtu huyu akiipokea zawadi hii, kisha kesho akanunua kwa mwengine, je, nitafurahi kuwa nimempa, au nitaona nimeibiwa? Ukiona utafurahi, hiyo ni hadiya. Ukiona umeibiwa, basi hukuwa umetoa. Ulikuwa umekopesha, na aliyekopeshwa hajui.

Siku ya pili yake alimpigia mama yule, akamuomba radhi, akamtuma kijana kulichukua buibui, akamrudishia shilingi 2,500 zote kwa simu. Kabla hatujaondoka Nairobi alikuja kutuaga. Tukamuuliza khabari za mama yule. Akasema: "Sheikh, alishukuru sana, akaniombea dua. Kisha nimeona amenunua buibui jengine kwa muuzaji wa jumba la mkabala." Akanyamaza kidogo, akasema: "Iliniuma. Nilikaa nikajiuliza lile swali lako."

Tukamuuliza, "Na umejijibu nini, mwanangu?"

Akasema: "Bado najijibu."

Nasi hatukumuongezea neno, kwa kuwa hata sisi, tangu siku za ule msala, bado twajijibu. Twamuomba Mwenyezi Mungu azitakase nia zetu katika kutoa na katika kupokea, azibariki biashara za wana wetu wa pwani popote walipo, awaepushe na riba, ghushi na dhulma, na atufufue pamoja na wafanyi biashara wakweli na waaminifu. Amin.

Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.